Kichwa Kilichojaa Maneno ya Wengine

Ugonjwa wangu haukuwa na jina la kumtajia jirani. Mwenye homa husema ana homa, mwenye jipu huonyesha jipu lake. Mimi nilipoulizwa, "Unaumwa nini, mama Sesilia?" nilitazama viganja vyangu kana kwamba jibu lilikuwa mle, kisha nikasema nimechoka kidogo, na watu wakaenda zao.

Naandika sasa kwa kuwa nimepona, na kwa kuwa tangu nipone wanawake kadhaa wamenijia, mmoja mmoja, wakanieleza kwa sauti ya chini mambo niliyoyajua kabla hawajayamaliza. Mmoja ni mwalimu wa watoto wadogo. Mwingine anauguza wazazi wa mumewe wote wawili na huku anapika vitumbua vya kuuza. Wote waliniuliza swali lile lile: je, ni kawaida mtu kuacha kuhisi? Hao ndio ninaowaandikia. Jinsi kichwa cha binadamu kilivyoumbwa sijui, na sitajifanya najua. Nitasema nilichokiona, kwa utaratibu nilivyokiona, ingawa sehemu kubwa ya mwaka ule naikumbuka kama mtu anavyokumbuka mambo aliyoyatazama kupitia maji.

Nilikuwa mkalimani katika dispensari ndogo ya kina mama, upande wa Mlabani, hapa Ifakara. Bibi Daktari, Mzungu mrefu aliyependa kutembea na mwavuli hata jua lisipokuwapo, alijua Kiswahili cha kitabuni. Lakini akina mama waliotoka mashambani na kandokando ya mto, hasa wazee, wengi walijua lugha za nyumbani kwao tu. Baba yangu alikuwa Mndamba, mama yangu Mpogoro. Kihehe na Kibena nilivipata shule ya bweni kwa wasichana tuliolala nao chumba kimoja. Basi nikawa mlango. Mama aliingia, akanieleza tumbo lake kwa Kipogoro, nikalipeleka kwa Bibi Daktari kwa Kiswahili, nikarudi na swali, nikaenda na jibu.

Watu hudhani kazi ya mkalimani ni kusema. Kazi yake ni kushika. Unashika maneno ya mtu yasipungue hata moja, na wakati umeyashika bado masikio yanapokea mengine. Nilipoanza nilifundishwa sheria moja: usicheke kabla mgonjwa hajacheka, na akilia, wewe usilie. Uso wako uwe kama ukuta uliopakwa chokaa. Kila sentensi ianze na "anasema". Anasema kiuno kinamuuma. Anasema mtoto hachezi tena tumboni. Anasema mume wake asiambiwe.

Tulikuwa wawili, mimi na Paskalina. Yeye alichukua Kihehe na Kibena, mimi nikachukua Kindamba na Kipogoro, na katikati ya mgonjwa na mgonjwa tulipata nafasi ya kunywa maji na kusengenya kofia ya Bibi Daktari. Kiangazi kile Paskalina alikwenda kwao Mahenge kujifungua. Hakupatikana mtu wa kushika nafasi yake. Lugha zote nne zikaniangukia mimi, na nyumbani nilikuwa peke yangu na mwanangu Sesilia, mtoto wetu wa pekee; mume wangu Benedikto, fundi seremala, alikuwa kijijini Mngeta akijenga paa la shule na alirudi Jumapili tu.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni taya. Niliamka asubuhi meno yanauma, kwa kuwa usingizini nilikuwa nayabana kana kwamba nimekatazwa kusema. Kisha kope la jicho la kushoto likaanza kucheza lenyewe. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja na kubaki kidogo, ikanizunguka mara mbili. Nilipochana nywele kitana kilijaa. Haya yote niliyaona, nikayapanga vizuri akilini, wala sikuyafanyia chochote; sasa naona kwamba mtu aliyejaa huweza kuona kila kitu na asiweze kuchagua kimoja.

Vuli ilipoanza, mvua juu ya bati ilikuwa inazungumza. Sisemi nilisikia pepo. Nilijua ni mvua. Lakini niliisikiliza kwa kazi, nikingoja imalize ili niigeuze. Jumapili moja Benedikto alirudi, akavua viatu, akaniuliza, "Umeshakula?"

"Anasema hana njaa," nikamjibu.

Akacheka. "Nani huyo hana njaa?"

Nikageuka nyuma kumtafuta. Hapo akaacha kucheka.

Wiki hiyo mchuuzi alipita na sanduku lake la vitu vidogo vidogo, akasema maneno mengi, na ili anyamaze nikanunua kengele ya baiskeli. Nyumbani hatuna baiskeli. Sesilia aliichukua akaifunga kwa uzi shingoni, akawa anaipiga akitembea, kring kring, kuanzia jikoni hadi kwenye mfereji wa nje. Benedikto akasema, "Haya, tumeanza na kengele. Mwakani tutanunua kiti."

Nilicheka naye, lakini baadaye niliketi nikijiuliza nani aliyeinunua.

Hisia zangu zilikuwa kama mizigo iliyoshushwa kwenye nyumba zisizo zake. Upawa ulinivunjikia nikipakua wali, upawa wa kifuu, wa kawaida, na nikalia mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Siku hiyohiyo, asubuhi, nilikuwa nimemwambia mama mmoja wa Kihehe kwamba mtoto wake mchanga hataishi. Nilimwambia kwa sauti safi, neno kwa neno, na Bibi Daktari akanishukuru kwa utulivu wangu. Yule mama alinitazama usoni akitafuta kitu cha kujishikiza. Sikuwa nacho cha kumpa. Kilikuwa kinanisubiri nyumbani kwenye upawa.

Kisha akafariki mjomba wa Benedikto. Tulikaa chini, wanawake upande wetu, na katekista akaanza kusoma sala. Alisoma maneno machache, akanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Akasoma tena, akanyamaza. Ule unyamavu ulikuwa na urefu ule ule wa nafasi yangu. Kila aliponyamaza mdomo wangu ulifunguka. Mara ya nne au ya tano niliona jinsi nilivyo, mdomo wazi mbele ya maiti, nikingoja kumfasiria marehemu, na kicheko kikanitoka. Kicheko kizima, chenye sauti.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu, ambaye mpaka leo simjui jina, alinivuta kichwa akakifunika kwa kanga yake na akaanza kuomboleza kwa nguvu, "Uwii, mwacheni, uchungu umemzidi!" Wenzake wakampokea. Nikacheka ndani ya kanga ya mtu nisiyemjua, iliyonuka moshi na samaki, na nje watu wakasikia kilio. Kama bibi huyo bado yupo, namshukuru.

Lakini wifi yangu aliona. Skolastika ni dada mkubwa wa Benedikto, anaishi Sanje, chini ya milima, na ana migomba mingi kuliko ninavyoweza kueleza. Mungu hakumjalia mtoto. Aliwahi msibani kabla ya maziko, akakaa kwetu, na kwa kuwa alikaa aliona na mengine.

Sesilia alikuwa katika umri wa kuuliza. Kila alipomwona mtu anamwaga maji, aliuliza, "Mama, maji yanakwenda wapi?" Ukimjibu "chini", anauliza chini wapi. Jioni moja niliosha vyombo, nikamwaga maji, akauliza. Nikajibu. Akauliza tena. Niliona kata ya kuchotea maji inaruka kutoka mkononi mwangu, ikapiga ukuta karibu na alipokuwa amesimama, maji yakamrukia. Haikumgusa. Hakulia. Alinitazama usoni kwa makini, kama mimi nilivyowatazama wagonjwa nipate kujua sentensi imekwisha. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za maji. Kabla ya kusema chochote alitazama uso wangu kwanza.

Asubuhi ambayo Skolastika aliondoka, lori la kurudi Sanje lilikuwa limeshapakiwa mpunga na dereva anapiga honi, kwani mvua kubwa zilikuwa karibu na kila mtu alitaka kuwahi kabla barabara haijafunga. Skolastika alisimama mlangoni na kikapu chake.

"Wifi," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya upole, "nimchukue Sesi, nikae naye mpaka upate nafuu?"

Benedikto akasema, "Mama yake aseme."

Wakanitazama. Swali lilipita mbele yangu, nikalishika, nikaligeuza, nikalitoa upande wa pili. Haikuchukua muda wa kupepesa jicho.

"Mchukue."

Lilitoka kama maneno yote niliyokuwa nikiyatoa mchana kutwa, safi, halina mwenyewe. Wakafunga nguo zake kwenye kitambaa. Lori likaondoka. Nikasikia kengele, kring kring, mpaka kwenye kona, nikarudi ndani nikaendelea kupeta mchele. Nilikuwa nikijisikiliza kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja. Baada ya siku chache mito ikajaa, na barabara ya Sanje ikazama.

*

Mimi ambaye nilikuwa nimesimama upande wa meza ya daktari miaka yote, sasa nikakaa kwenye benchi. Lile benchi nilikuwa sijawahi kulikalia. Lina mtelemko, mtu wa mwisho huwabeba wote. Mama mmoja wa Kindamba alinisogelea, akanitazama juu hadi chini.

"Mbona umekaa huku leo?"

"Naumwa, mama."

"Mkalimani naye anaumwa?" Akawageukia wenzake. "Jamani, mkalimani anaumwa. Sasa nani atamfasiria?"

Benchi zima likacheka, nami nikacheka, kisha yule mama akatoa ndizi mbivu kwenye kikapu, akaimenya, akaniwekea mkononi bila kuniuliza kama nina njaa.

Nilipimwa damu. Nikapewa vidonge vya homa, masikio yakavuma kama nyenje wa jioni. Nikachomwa sindano za kuongeza damu, paja likavimba nikawa nachechemea. Shangazi yangu alinifukiza kwa majani, nikajifunika blanketi juu ya chungu cha moto, na ule mvuke ulikuwa mtamu, kwa kuwa ndani ya blanketi hapakuwa na mtu wa kusema naye. Ikawa nafuu ya siku moja. Sista wa zamu alinitafutia kigoda niwe nafanya kazi nimekaa. Nilikifurahia sana. Lakini nilikuwa nimekaa na bado nimebeba.

Siku moja nilikosea. Mgonjwa alisema kwa Kibena dawa ya kunywa imemletea kizunguzungu, akaniuliza aache au aendelee. Nami nikamjibu mwenyewe, "Endelea," wala swali sikulifikisha kwa Bibi Daktari. Ndivyo nilivyokuwa nimefikia wakati ule: swali likija, jibu lilitoka, lolote lililokuwa karibu na mlango. Kwa bahati yule mama alikuwa mbishi. Alirudi toka nje akamwonyesha Bibi Daktari kwa mikono jinsi dunia inavyozunguka.

Bibi Daktari hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda changu, akanikalisha kwenye kiti chake.

"Mimi sina dawa ya ugonjwa huu," alisema kwa Kiswahili chake. "Paskalina atarudi mwezi ujao. Wewe uende mahali ambapo watu hawasemi."

"Mahali gani hapo, Bibi?"

Akafikiri sana. "Mimi sijui. Nchi hii watu wanasema kila mahali."

*

Mahali hapo palipatikana si kwa ajili ya kunitibu. Mama mkwe wangu, Bibi Yulita, alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto, na masika ile alikosa mtu wa kuamia ndege. Kwetu bondeni, familia nyingi huhama mjini msimu wa kilimo na kuishi mashambani, kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka kwa makundi, na lazima awepo mtu toka alfajiri mpaka jua lizame wa kuwafukuza. Ndiko kuamia. Alipomsikia Benedikto akisema nimeachishwa kazi kwa muda, jibu lake lilikuwa, "Basi mlete."

Tulivuka kwa mtumbwi. Maji yalikuwa yameenea mpaka hukuweza kusema mto uko wapi. Tulipita juu ya mashamba, juu ya njia niliyokuwa nimeitembea kwa miguu mwaka uliotangulia, majani ya mpunga yakikwaruza ubao wa chini. Mwenye mtumbwi hakusema neno. Nilitia mkono majini, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliona kitu kikipita mbele yangu bila kunitaka nikifikishe popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda kama mpini? Huko mjini mnakula karatasi?"

"Naumwa, mama."

"Nimeambiwa. Mikono inaumwa?"

"Hapana."

"Basi panda juu. Hiyo ni kamba."

Kamba zilitoka kwenye dungu zikaenda pande zote za shamba, na mwisho wa kila kamba kulikuwa na madebe ya zamani yenye mawe ndani. Ukivuta, debe linapiga kelele huko mbali na ndege wanaruka. Kwa wale wakaidi kulikuwa na kombeo na vidonge vya udongo. Bibi Yulita aliketi nyuma yangu na ugoro wake, akinielekeza kwa kidole cha mguu. "Kulia. Kulia, nimesema. Wewe kulia kwenu ni wapi?"

Wiki za kwanza nililala. Nilikuwa nalala nimekaa, kamba mkononi, na bibi akinipiga begani ndege walipokuja. Walikuja kama moshi unaojua unakokwenda. Wingu dogo la kahawia linainuka kwenye matete, linajikunja, linatua, na mpunga unainama. Unavuta. Wingu linapanda, linajikunja, linakwenda kwa jirani, na kwa mbali unasikia debe la jirani. Kisha kimya, na maji, na harufu ya mpunga mchanga, na milima ya Udzungwa imelala upande wa pili kama ng'ombe wa bluu. Sanje ilikuwa chini ya milima hiyo. Nilikuwa natazama huko kila siku nikijua kwamba kuna jambo linanihusu, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Bibi Yulita hakuniuliza habari za ugonjwa. Nilipojaribu kumweleza alinikatiza. "Ndege hao." Nilipotaka nipike huku naamia, alininyang'anya mwiko. "Mtu wa kamba ni wa kamba. Mwaka juzi Benedikto alikuwa anaamia huku anachonga mpini. Tulivuna mpini." Hakuwa ananiganga. Alikuwa anauhurumia mpunga wake. Lakini ndivyo ilivyokuwa, kwamba kwa majuma mengi mikono yangu ilikuwa na kitu kimoja, na masikio yangu kitu kimoja, na hapakuwa na jambo la kushika huku nikipokea jingine.

Mabadiliko yalikuja bila kupiga hodi. Kope liliacha kucheza, sikujua siku gani. Asubuhi moja taya haikuuma. Kisha nikaonja. Tulikuwa tunakula kambale wa kubanika, kama siku zote, na chumvi ikanigusa ulimi kwa nguvu hata nikasimamisha tonge.

"Nini? Mwiba?" bibi akauliza.

"Hapana, mama. Ni tamu."

"Tangu ufike nakupikia huyo huyo. Leo ndiyo unasema."

Baada ya hapo, siku ambayo maji yalikuwa juu kabisa, jua likiwa limeshapanda, nilivuta kamba ya upande wa mashariki. Debe moja lilikuwa limetoboka, na ndani lilikuwa limebaki jiwe moja dogo. Halikupiga kelele ya debe. Lililia sauti nyembamba, mara mbili.

Na hapo kikafika. Kile nilichokuwa nimekisikiliza nikipeta mchele siku lori lilipoondoka, kilichokuwa kimekwama njiani mvua zote zile, kilifika chote kwa pamoja. Mwanangu ameondoka. Nilimtoa mwenyewe, kwa neno moja, na alipinda kona akipiga kengele, naye hakuwa anacheza. Alikuwa anauliza. Nililia mpaka dungu likatikisika. Nilimlilia na yule mama wa Kihehe, kilio alichokuwa ananidai. Nilimlilia na mjomba.

Bibi Yulita aliniacha. Kisha nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Lia, mwanangu. Lakini vuta kamba."

Nikavuta. Nililia nikivuta, na nikaona kwamba yote mawili yanaweza kwenda pamoja, kilio na kamba, maana kilio kilikuwa changu.

Nilipotulia nikasema nakwenda Sanje.

"Utaogelea?" bibi akauliza. Akanionyesha bonde lote kwa kidole chenye ugoro. Palikuwa na maji na anga, basi.

Kungoja kwa wiki zilizofuata kulikuwa kugumu kuliko ugonjwa, lakini kulikuwa kugumu kama mambo ya watu wazima yanavyokuwa magumu. Nilijua ninachongojea. Mvuvi mmoja aliyekuwa amefika Kiberege kwa miguu alituletea habari: mtoto mzima, amenenepa, analala kitanda kimoja na shangazi yake, na anamwita mama. Aliisema kama habari njema. Nilimshukuru, nikampa mpunga. Kisha nikawa na hofu, hofu ya kweli, yenye uzito wake, na nikaitambua kama unavyomtambua ndugu aliyekonda.

*

Maji yakapungua. Yaliacha tope linalong'aa na samaki waliosahaulika kwenye vidimbwi, na mpunga ukawa wa rangi ya dhahabu mpaka kwenye matete. Tukaanza kuvuna. Nilikuwa nimeshika mganda mkono wa kushoto na kisu mkono wa kulia niliposikia, mbali, upande wa mtoni, kring kring.

Nilidhani ni lile debe. Nikamtazama bibi. Bibi alikuwa anatazama njia.

Benedikto alitangulia na mzigo kichwani. Nyuma yake Skolastika, kanga mpya, miguu imejaa tope. Na nyuma ya kanga ya Skolastika, uso wa mwanangu, umekuwa mrefu kidogo, kengele shingoni. Hakunikimbilia. Alinitazama kwanza usoni, kama nilivyomfundisha.

Tuliamkiana. Bibi akawapa maji. Watu wakauliza habari za njiani, na Skolastika akajibu barabara ni mbaya, lori lilinasa, walilala Kiberege. Alikuwa anafungua na kufunga ncha ya kanga. Kisha akasema, na aliyekuwa anamwambia alikuwa mimi.

"Wifi, nitasema mbele ya mama na mbele ya ndugu yangu. Mtoto huyu amenizoea. Na mimi nimemzoea. Nyumba yangu unaijua, ukiweka kijiko leo, kesho utakikuta hapo hapo, hakuna wa kukigusa. Wewe umepona, naona, lakini utarudi kwenye kazi ile ile. Mwache kwangu mpaka aanze shule. Unasemaje?"

Benedikto akanigeukia mimi.

Swali likaja likasimama mbele yangu. Nililijua. Lilikuwa ni lile lile la mlangoni. Nikaliacha lisimame. Kwanza ikapita hasira, kwamba anathubutu. Niliiona ikipita, haikuwa kubwa sana. Ikapita huruma, kwa kile kijiko, na hiyo ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea, ikabidi niingoje. Ikapita hofu, kwamba asemayo ni kweli, kwamba kichwa changu kitajaa tena. Nikaipa nafasi nayo. Ndege walishuka upande wa mashariki, wakala, hakuna aliyevuta kamba.

"Amelala?" bibi akamnong'oneza Benedikto.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nangoja kuona nini kitabaki baada ya vyote kupita. Na kilichobaki kilikuwa kimoja.

"Hapana, wifi," nikasema. "Sesilia anabaki kwangu. Kazini nitarudi nusu siku, Bibi Daktari alishakubali kabla sijavuka mto, nusu nyingine ni ya Paskalina. Na wewe usirudi Sanje leo. Kaa nasi mpaka tumalize kuvuna, na kiangazi tutakuja kwako, sote."

Skolastika alitikisa kichwa kukubali, akageukia milimani. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikalia naye, palepale, wakati uleule, wala hakuna mtu aliyelazimika kunifunika.

Sesilia alikuwa bado anatazama uso wangu. Ulikuwa umelowa, na sijui aliona nini humo. Alisogea hatua moja kutoka kwenye kanga ya shangazi yake. Akalitazama bonde, tope lililokauka na kupasuka pale ambapo mtumbwi ulikuwa umepita. Akaigusa kengele kwa kidole, lakini hakuipiga.

"Mama," akasema. "Maji yamekwenda wapi?"

Mkono mmoja ulikuwa na mganda wa mpunga, mwingine kisu. Nikaviweka chini vyote viwili. Kisha nikamjibu.